Kupanda Utapanda, Utashukaje? Somo la Kuchagua Gari na Kubadili Injini kwa Mbio za Ridhaa



Mhariri ameniomba niandike kitu cha taaluma, nami nimechagua jambo ninaloulizwa kila muhula. Kijana anafika hapa Marekani, anabeba boksi miezi minne, ananunua gari la dola elfu mbili, halafu ananipigia simu: "Kaka, wewe si injinia? Niweke injini gani nikakimbize sakiti?"

Swali ni zuri, ila linaanzia mwisho. Kosa hilo nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe, na shahada yangu ya kwanza ya uhandisi mitambo nikiwa nayo mkononi. Nitaeleza tulivyokosea, kisha nitafanya hesabu tatu, kisha nitatoa utaratibu tunaoufuata sasa. Hesabu zenyewe ni za kidato cha nne tu, kwa hiyo wa sheria na uchumi msikimbie ukurasa.

MBIO ZENYEWE

Kwanza tuelewane. Sizungumzii mashindano ya robo maili ya kunyooka, wala kuzunguka duara. Nazungumzia mbio za sakiti: barabara ya lami iliyofungwa, yenye kona za kulia na kushoto, milima na mabonde, ambako watu wenye kazi zao za kawaida hushindana mwisho wa wiki. Klabu kongwe hapa ni SCCA, iliyoanzishwa mwaka 1944. Iko pia NASA, ambayo haina uhusiano na wale wa roketi. Mwaka 2006 yalianza mashindano ya mzaha na jasho yaitwayo 24 Hours of LeMons, kwa kanuni kwamba gari lisizidi thamani ya dola 500 bila kuhesabu vifaa vya usalama; waamuzi wakiona umewadanganya wanakukata mizunguko. Humo wenye mifuko kama yetu wanaweza kuingia, timu ya madereva wanne wakipokezana gari moja kwa saa nyingi.

GARI LETU LA KWANZA

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa wanne: mimi, Mkenya wa Nakuru, Mganda wa Jinja na Mrundi mmoja aliyekulia Kigoma. Tulichanga dola 3,600. Gari letu la kwanza silitaji chapa, kwa sababu kosa halikuwa lake. Lilikuwa saluni ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, bodi safi, injini imechoka. Tukanunua injini ya silinda 6 kwenye yadi ya magari yaliyogongwa, kubwa kuliko ile ya awali, tukaifunga wenyewe kwa wiki sita. Mkenya alichomelea mauntingi mpya. Mrundi, ambaye anasoma umeme, alikaa na waya siku nane. Usiku ilipowaka mara ya kwanza tulicheza gerejini kama watu waliooza binti.

Breki tuliziacha zilezile. Tulinunua pedi mpya za bei ya kawaida, tukasema zinatosha, mbona barabarani zinashika vizuri. Mafuta ya breki hatukuyagusa kabisa.

Tukalipeleka gari kwenye siku ya mazoezi. Mimi niliendesha kwanza, nikarudi nacheka peke yangu. Akaingia Mganda. Mzunguko wa tano, mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, alikanyaga breki na pedali ikashuka hadi sakafuni. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka, na mvuke haisukumi pistoni ya breki kama mafuta yanavyoisukuma, unaminyika tu. Gari likapita kona, likapita kokoto, likagonga ukuta wa matairi. Mkono wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili, na yeye huandika kwa mkono huo.

Hospitalini ndipo tulipokisoma kifungu kidogo kwenye bima yake ya afya ya mwanafunzi: majeraha ya mashindano na mazoezi ya magari hayamo. Bili tuligawana wanne. Sehemu yangu ilitoka kwenye pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya chuo ya mdogo wangu. Nilimpigia simu nikamwambia asubiri mwaka. Hakuuliza kwa nini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mganda mwenyewe, alipotoka chumba cha plasta, alisema neno moja tu: "Lakini injini ilikuwa nzuri."

FUNDI WA MOMBO

Kwenye benchi la hospitali nilimkumbuka fundi mmoja wa Mombo, mkoani Tanga. Mjomba wangu alikuwa na Land Rover ya zamani, akishusha kabichi na karoti kutoka Lushoto. Anayeijua barabara ile inavyojikunja mlimani hahitaji maelezo. Injini ya petroli ilipokufa, mjomba akapata Isuzu ya dizeli, akaipeleka kwa fundi aifunge. Fundi aliizunguka gari, akapiga goti, akatazama magurudumu, akasema: "Kupanda utapanda, mzee. Utashukaje?" Alikataa kuinyanyua injini mpaka breki zote nne zifanyiwe kazi. Mjomba alinung'unika wiki mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilidhani fundi anatafuta hela. Leo nasema yule mzee alikuwa na somo zima la uhandisi katika neno moja. Injini ikiongezwa nguvu, nguvu hiyo haikai ndani ya injini. Inapita kwenye klachi, giaboksi, propela shafti, difu na tairi, na mwisho wa kila sehemu iliyonyooka inaishia kwenye breki kama joto. Ukibadili kiungo kimoja tu, umeuhamishia ugonjwa kiungo kinachofuata.

HESABU YA KWANZA: BREKI

Nguvu ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Neno la kuzingatia ni hilo "kasi mara kasi". Tuchukue gari dogo lenye kilo 1,080 pamoja na dereva. Linafika mwisho wa sehemu iliyonyooka kwa kilomita 160 kwa saa, linapunguza hadi 80 ili lipige kona. Ukizigeuza kasi hizo kuwa mita kwa sekunde na kufanya hesabu, breki zinatakiwa kumeza kilojuli 800 hivi. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita mbili na nusu za maji ya chai kutoka kwenye bomba. Kwa kona moja, ndani ya sekunde chache.

Sasa tuweke V8. Gari limeongezeka kilo 100, na sehemu ileile linafika kwa kilomita 190. Kona haijabadilika, bado linatakiwa kushuka hadi 80. Hesabu inatoa kilojuli 1,350: karibu lita nne za maji ya chai. Kasi imepanda kwa asilimia 19 tu, lakini mzigo wa breki umepanda kwa karibu asilimia 70. Na kona inayofuata haisubiri diski zipoe.

Sisi hatukufunga V8, lakini tulikuwa kwenye mstari huohuo. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 230. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ya kwetu yalikuwa ya miaka mingi, rangi ya chai ya rangi. Chupa mpya ingetugharimu chini ya dola 20.

HESABU YA PILI: MAJI NA OILI

Kwa makadirio, petroli inayoungua ndani ya injini inagawanyika mafungu matatu: theluthi moja au pungufu inakuwa kazi, nyingine inatoka na moshi, na nyingine inakwenda kwenye maji ya rejeta na kwenye bodi ya injini. Kwa hiyo injini inayotoa farasi 200, sawa na kilowati 149, inaidai rejeta iondoe joto la karibu kiasi hichohicho. Barabarani huoni tatizo, kwa sababu mara nyingi unakanyaga mafuta robo tu. Sakitini unakanyaga mpaka mwisho sehemu kubwa ya mzunguko. Ndiyo maana gari lililokwenda kazini mwezi mzima bila shida linachemsha mzunguko wa nane.

Oili nayo ina mambo yake. Kwenye kona ndefu oili yote ndani ya sampu inakimbilia upande mmoja, na bomba la pampu linabaki likinyonya hewa. Beringi za konrodi hazivumilii hewa hata sekunde chache. Ukisikia injini inagonga, imeshanoki. Dawa yake ni vizuizi ndani ya sampu vinavyoibana oili isikimbie, na geji ya presha ambayo dereva anaitazama kweli. Kabla ya kununua injini yoyote ya kubadili, uliza watu wanaokimbia nayo: sampu yake ikoje kwenye kona ndefu? Asiyejua jibu hajakimbia nayo.

HESABU YA TATU: MUDA

Hii ndiyo iliyomnyamazisha Mkenya wetu, maana yeye alitaka V8 tangu siku ya kwanza. Tuseme mbio ni za saa 8 na mzunguko mmoja ni dakika 2. Hiyo ni mizunguko 240. Tuseme injini kubwa inakupa sekunde 4 kila mzunguko. Jumla umepata sekunde 960, yaani dakika 16. Safi sana.

Sasa tanki. Injini ndogo inakwenda saa 2 kwa tanki moja, kwa hiyo utasimama kujaza mara 3. Injini kubwa inamaliza tanki lilelile kwa saa 1 na robo: utasimama mara 6. Kila kusimama, ukihesabu kuingia piti, kujaza na kutoka, tuseme ni dakika 6. Mara tatu za ziada ni dakika 18. Umefunga injini miezi mitatu, umeuza kompyuta yako, na umemaliza nyuma ya gari la injini ndogo kwa dakika 2. Na hapo hakuna kilichovunjika.

Kwa mbio fupi za nusu saa hesabu inabadilika, hilo nakubali. Ila huko kuna kanuni za madaraja. Daraja la Spec Miata, kwa mfano, linataka injini ya gari lenyewe, na madaraja mengine yanapangwa kwa uwiano wa uzito na nguvu. Ukiongeza farasi unapandishwa daraja, unakutana na wenye magari ya dola elfu hamsini. Soma kitabu cha kanuni kabla ya kushika spana.

KUCHAGUA GARI

Baada ya plasta kutoka tulikaa tena, safari hii na daftari. Tulijiuliza maswali manne. Je, gari ni jepesi? Kilo isiyokuwepo haihitaji kusukumwa, kupozwa wala kusimamishwa. Je, spea zake ziko kwenye kila yadi? Je, lina daraja lenye watu wengi, ili tujipime? Je, magonjwa yake yanajulikana na dawa zake zimeshapatikana?

Tuliangukia Mazda MX-5, ambayo hapa wanaiita Miata. Ilitoka mwaka 1989 na injini ya lita 1.6 yenye farasi wapatao 115. Toleo la 1994 lilipata lita 1.8 na farasi 128, na pamoja na injini walikuza diski za breki na difu. Ona Mazda wenyewe walivyofanya: waliongeza farasi kumi na kitu tu, na bado wakagusa breki na difu. Ukipata la 1994 na kuendelea kwa bei ileile, chukua hilo.

Najua mtaniuliza Toyota. Corolla ya AE86 ya miaka ya 1983 hadi 1987 ni nyepesi na inasukuma nyuma, ila sifa imeipandisha bei. Civic za miaka ya 90 ni nzuri pia na spea ni tele. Zinavuta mbele, kwa hiyo tairi za mbele zitakula pesa yako. BMW ya E36 ina nguvu ya kutosha bila kubadilisha chochote, lakini ni nzito zaidi, na uzito tumeshauhesabu.

Neno moja la akiba: nunua gari ambalo mwenzako ameshalitengeneza. Anayeuza gari la mbio hapati hata nusu ya alichotumia. Sisi letu lilikuja na kizimba cha mabomba ya chuma, kiti na rejeta ya alumini, kwa pesa ambayo isingetosha kukichomelea kizimba hicho.

UKIWA BADO UNATAKA KUBADILI INJINI

Sikatazi. Natoa mifano miwili inayofahamika kwa MX-5.

Ya kwanza ni K24 ya Honda, lita 2.4. Ile iliyokuwa kwenye Acura TSX ya 2004 hadi 2008 inatoa farasi 200 au zaidi kidogo. Kwa gari letu la kilo 1,080 unatoka kilo 8.4 kwa kila farasi hadi 5.4, na uzito wa gari haubadiliki sana. Kumbuka tu kwamba injini hii ilitengenezwa kulala kwa upana kwenye gari linalovuta mbele. Kuisimamisha kwa urefu unahitaji bamba la kuiunganisha na giaboksi, sampu nyingine, ekzosi nyingine na kompyuta yake. Angalau familia hii ya K inazunguka upande wa kawaida. Zile za zamani za familia ya B zilizunguka kinyume.

Ya pili ni V8 ya alumini ya General Motors, LS1, iliyotoka na Corvette ya 1997: lita 5.7, farasi 345. Unafika kilo 3.4 kwa farasi. Lakini toki, yaani nguvu ya kupinda shafti, ni kama mara tatu ya ile ya Mazda. Giaboksi inabadilika, difu inabadilika, shafti za nyuma zinabadilika, breki zinabadilika, na tairi pana zaidi zinafuata. Hapo umejenga gari jipya na kulivalisha kofia ya MX-5.

Kwa njia yoyote, bei ya injini yadini ni ndogo kuliko vyote vinavyoifuata. Andika orodha nzima kabla ya kununua boliti moja: mauntingi, waya, kompyuta, klachi, ekzosi, rejeta, bomba za mafuta, difu, breki. Jumlisha. Kisha ongeza theluthi, kwa yale utakayoyasahau. Kama jumla inazidi ulichonacho, jibu umelipata bila kuchafuka mikono.

UTARATIBU WETU WA PESA

Siku hizi kila dola ya gari inapita kwenye mlolongo huu, na haturuki hatua.

Kwanza, dereva. Helmeti ya Snell ya aina ya SA, si ile ya M ya pikipiki, kwa sababu SA imepimwa na moto. Mikanda ina tarehe: yenye alama ya SFI inaisha baada ya miaka 2, ya FIA miaka 5. Na soma bima yako ya afya neno kwa neno. Kama mbio hazimo, tafuta inayokubali, au ubaki mpiga saa. Mpiga saa naye ni mtu wa timu.

Pili, kusimama: mafuta mapya ya breki kila mbio, pedi za mbio, mipira ya breki isiyo na nyufa.

Tatu, kushika barabara: tairi, beringi za magurudumu, shokapu.

Nne, kupoza: rejeta, bomba, oili.

Tano, mafunzo. Lipia siku na mwalimu. Siku ya kwanza mwalimu alinipunguzia sekunde 5 kwa mzunguko bila kugusa boliti, na sikuhitaji kujaza petroli zaidi kwa ajili yake.

Sita, ndipo injini.

Huu ni msimu wetu wa pili na MX-5, na bado hatujafika hatua ya sita. Hatujashinda kitu. Mbio za mwisho tulikuwa wa 31 kati ya magari 74, na tuliyaona makubwa kadhaa yakiwa yamefunguliwa boneti pembeni, yakitoa mvuke. Mkenya wetu bado ana picha ya V8 kwenye simu yake, na ameshaanza kuandika orodha. Tukimaliza kuijumlisha nitawaambia.

Kuna hatua sikuiandika kwenye mlolongo, kwa sababu inakaa kabla ya yote. Kila mwezi, kabla mchango wa gari haujaguswa, kila mmoja wetu anawaonyesha wenzake risiti ya pesa aliyotuma nyumbani. Aliyeipendekeza ni Mrundi. Mdogo wangu alirudi chuoni mwaka uliofuata. Mwaka mmoja alioupoteza siwezi kumrudishia.

Na Mganda? Mkono umepona, anaendesha, na kwa saa nzuri ananizidi. Kabla gari halijatoka piti, yeye ndiye husoma orodha ya ukaguzi kwa sauti. Kitu cha kwanza kwenye orodha ni pedali ya breki: anaikanyaga mwenyewe, anahesabu hadi kumi, ndipo anasema twende.

Mwenye swali anione baada ya mkutano wa Jumuiya, na aje na daftari. Nawatakia mitihani mema.

Ndugu yenu katika masomo.